Kisukari kilichukua vidole viwili, cherehani ya Mama Pindo haiondoki

Saa moja na nusu asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajagonga mlango, mwanamke mwenye miwani inayoning'inia kifuani anaburuza sumaku sakafuni. Sumaku ni ya spika iliyokufa zamani, kaifunga kamba ya kiatu. Anaipitisha chini ya meza ya kukatia, kuzunguka miguu ya cherehani, na kwenye kona vipande vya vitambaa vinakorundikana, taratibu kama mtu anayepiga deki.

Anaivuta juu na kuigeuza. Imenasa pini nne na sindano moja iliyopinda.

"Umeona?" anamwambia mwandishi wa makala haya, kana kwamba mwandishi ndiye aliyezidondosha. "Jana nimefagia mara mbili. Hizi zilikuwa zinanisubiri mimi."

Amevaa viatu vyeusi vya kufunika, soli nene kama vya mlinzi wa benki. Kiatu cha kulia kimejazwa pedi laini upande wa mbele, mahali ambapo zamani palikuwa na kidole gumba na jirani yake. Vidole hivyo vilikatwa mwaka jana kwa sababu ya kisukari.

Mtaani anaitwa Mama Pindo, kwa kuwa sare zote za watoto anazoshona huziachia pindo kubwa la ndani, ili mtoto akirefuka mama yake afumue tu, asinunue nyingine. Ana miaka hamsini na minne, ni mjane, na chumba chake cha kazi kina dirisha moja, meza moja, kioo kirefu cha wateja na cherehani nyeusi ya kukanyaga ambayo maua yake ya dhahabu yamebaki alama tu.

Leo mchana kaka yake mkubwa anakuja na mtu wa kuinunua cherehani hiyo. Kikao cha familia kimeshakaa na uamuzi umeshapitishwa. Mwenyewe hakualikwa.

"Wamekaa wakaamua mimi ni mgonjwa, nikapumzike," anasema huku akitunga uzi. "Nikapumzike nifanye nini? Nilale chali nihesabu mabati? Mashine hii haitoki hapa. Andika hivyo hivyo."

Wapo wagonjwa wapole, wanaoambiwa kaa wakakaa. Mama Pindo si wa kundi hilo. Ni mbishi, tena mbishi wa kuzaliwa, na makala haya hayatamsingizia upole asiokuwa nao.

Ufundi aliurithi kwa marehemu mama yake, pamoja na cherehani yenyewe. Alianza kuikalia akiwa na miaka kumi na sita, na somo la kwanza lilikuwa kuvua viatu.

"Mama alinifundisha peku," anasema. "Alikuwa anasema ukivaa kiatu, utajuaje mashine inataka nini? Mguu ndio unaopokea habari."

Aliyewahi kukanyaga cherehani anaelewa. Mguu mtupu huhisi pedali inavyotetemeka pale uzi unapotaka kukatika, au sindano inapokutana na mshono mnene. Mafundi wengi wa zamani hawawezi kushona vizuri wakiwa na viatu. Shida ni kwamba sakafu ya fundi imejaa vitu vyenye ncha. Kwa miaka mingi hilo halikumsumbua: pini ikimchoma, aliruka, akaitoa, akaitukana, akaendelea na kazi.

Halafu kuna habari ya soda. Mteja mwenye haraka haji kwa fundi mikono mitupu. Hakuna anayelitangaza, lakini kila mmoja analijua: ukitaka kitambaa chako kihame kutoka chini ya rundo kije juu, unamletea fundi soda ya baridi. Watu hawaiiti hongo. Fundi akiikataa, mteja anaondoka na moyo mzito, akijua nguo yake imeshalala.

"Msimu wa kufungua shule nilikuwa nakunywa hata sita kwa siku," anasema. "Ya kwanza sijamaliza, ya pili hii hapa, tena mtu kakufungulia kabisa! Ningekataa vipi?"

Juu ya hizo, weka chai ya vijiko vinne, vikombe vitatu au vinne. Mchana alikula mkate mweupe mkavu, kwa sababu mkono wenye mafuta hauruhusiwi kugusa hariri. Jioni, kwa kuwa alishinda na njaa, alikula kwa niaba ya siku nzima, akalala. Kuanzia asubuhi mpaka giza linaingia alikuwa amekaa, na safari yake ndefu ilikuwa kutoka kwenye kiti mpaka kwenye pasi.

Kinyozi wa mlango wa pili, ambaye amekuwa jirani yake kwa miaka mingi, analithibitisha bila kumwonea haya. "Nilikuwa namwona amesimama mara mbili kwa siku," anasema. "Akifungua mlango na akifunga."

Muuguzi wa kliniki ya kisukari anayemhudumia anaeleza kilichokuwa kikiendelea ndani ya mwili wake. Chakula tunachokula, anasema, kwa sehemu kubwa hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiyo inayoifungulia sukari hiyo mlango iingie kwenye misuli na kwingineko itumike kama nguvu. Mtu anayekaa siku nzima, akanenepa hasa tumboni, akinywa vinywaji vitamu kila siku, mlango ule unazidi kuwa mgumu. Kongosho linahangaika kutoa insulini zaidi, mpaka linachoka.

"Sukari ikikosa pa kwenda inabaki kwenye damu," anasema muuguzi. "Ikizidi kwa miaka, inachakaza mishipa midogo midogo. Inaanza kimya kimya kwenye macho, kwenye figo, kwenye mishipa ya fahamu ya miguuni. Mtu hasikii maumivu yoyote, na ndiyo hatari yenyewe."

Anaongeza jambo moja kwa mkazo. "Wengine wana uzito wa kawaida na bado wanaugua, kwa sababu iko kwenye familia. Sipendi watu wanaowasimanga wagonjwa kwamba wamejitakia."

Mama Pindo alipoambiwa maneno hayo alicheka. "Yeye? Mimi amenisimanga vizuri tu, ila kwa sauti ndogo."

Dalili ya kwanza aliipokea kwa furaha. Alikuwa na gauni lake la bluu, lililomkaa vizuri kwa miaka, ghafla likaanza kumpwaya kiunoni. Akalibana. Miezi michache baadaye likapwaya tena, akalibana tena.

"Mara ya tatu nikaliacha, nikajishonea jipya kabisa, la kubana," anasema. "Nikasimama mbele ya kioo cha wateja, nikajishika kiuno, nikasema, kumbe bado nimo!"

"Sisi tulidhani amepata mchumba," anasema kinyozi.

Inasikitisha ukifikiri. Mwanamke huyu akikuangalia tu unapoingia mlangoni anajua umepungua inchi ngapi tangu gauni lako la mwisho. Lakini futi yake ya kupimia nguo ilipomwambia kwamba mwili wake mwenyewe unajila, aliisoma kama sifa.

Kiu isiyokatika alisema ni joto la pasi. Kwenda msalani kila mara, akasema ni yale maji anayokunywa kwa ajili ya kiu. Macho yalipoanza kuona ukungu kwenye tundu la sindano, alinunua miwani kwa mchuuzi wa barabarani, baada ya muda akanunua nyingine yenye nguvu zaidi. Ganzi ya miguu aliitupia lawama pedali.

"Kila kitu nilikuwa na jibu lake," anasema. "Mimi sikosi jibu. Kitu ambacho sikuwa nacho ni kipimo. Hata siku moja sikupima."

Mafundi wana sharti lao: sindano ikivunjika, hakuna kushona mpaka vipande vyote vipatikane, maana ncha ikibaki ndani ya nguo itakuja kumchoma mwenye nguo. Siku hiyo alikuwa anapiga mshono wa kiuno cha suruali ya jinzi, sindano ikakatika. Upande wa juu ulibaki kwenye mashine. Ncha haikuonekana.

Aliikung'uta suruali. Akaipapasa mshono kwa mshono, akaigeuza ndani nje, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. "Nilihangaika na suruali ya mtu karibu saa nzima," anasema. "Mguu wangu sikuukumbuka."

Ncha ilikuwa imedondoka kwenye pedali na kuingia kwenye unyayo wake, chini ya kidole gumba cha kulia. Kwa zaidi ya wiki moja aliendelea kuikanyagia humo humo, mshono baada ya mshono, akiimba.

Aliyemfichulia siri hiyo ni gauni la harusi. Alikuwa anaweka bitana nyeupe, kitambaa kimeshuka mpaka sakafuni, akaona doa la kahawia ukingoni. Akaapiza, akadhani ni mafuta ya mashine yamevuja. Akachukua kitambaa akakisogeza puani.

"Nikanusa. Fundi anajua harufu ya mafuta ya mashine hata akiwa usingizini. Yale hayakuwa mafuta."

Aligeuza unyayo akaona kidonda. Na hapo, badala ya kwenda hospitali, alifanya kosa lingine ambalo bado linamtoa jasho akilikumbuka. Alichemsha maji, akatia chumvi, akatumbukiza mguu.

"Nikawa nimekaa tu, nadhani maji ni vuguvugu," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inaacha kazi. "Nikaona ngozi inababuka. Naiona kwa macho, na mguu hauniambii kitu. Sindano haikunitisha. Yale maji yalinitisha mpaka leo."

Hospitalini kipimo cha sukari kwenye damu kilisoma kumi na tisa. Kwa mtu asiye na kisukari, kabla ya kula asubuhi, huwa sita au chini ya hapo. Maambukizi yalikuwa yameshafika kwenye mfupa. Kidole gumba kilikatwa, na wiki iliyofuata kikafuata cha pili.

"Watu wanakuja kunipa pole, wananiuliza, iliuma sana?" anasema. "Nawaambia haikuuma. Wanasema, afadhali. Afadhali ya nini? Ingeuma siku ile ile, ningekuwa na vidole kumi."

Alikatazwa kabisa kuukanyagia mguu ule mpaka kidonda kifunge. Ndugu zake walidhani sasa amekwisha, atatulia. Baada ya wiki chache akakodi gari, akaja kazini, akaweka mguu juu ya stuli yenye mto, akaanza kuzungusha gurudumu la cherehani kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiongoza kitambaa. Gauni la asubuhi moja likawa la siku tatu. Baadhi ya wateja walihamia kwa mafundi wengine.

"Nawajua wote," anasema. "Wamerudi, nimewapokea vizuri. Nguo zao nimezimaliza mwisho."

Muuguzi alipopata habari, alimgombeza. Kisha, alipoona kwamba huyu haambiliki, akafanya kilicho bora zaidi: akakaa naye wakapatana. Kidonda kikishapona kabisa, atakanyaga cherehani, lakini akiwa na viatu. Kila asubuhi na kila jioni ataangalia nyayo zake. Dawa hataruka hata siku moja. Atasimama na kutembea, na atahudhuria kliniki. Mama Pindo aliyashika masharti hayo kwa ubishi ule ule aliokuwa akiutumia kuwakatalia watu.

Kioo cha wateja sasa kina kazi ya ziada: kabla ya kufungua mlango hukilaza kidogo ukutani, akakaa mbele yake na kuinua nyayo moja moja, akizikagua kama mtu anayetafuta mshono uliofumuka.

Kazi ngumu ilikuwa kujifunza kushona upya. Kuna aliyemshauri afunge mota. Akafunga. Lakini mota nayo ina pedali yake, na mguu wenye ganzi haujui umeikandamiza kiasi gani. Mashine ilichomoka mbio, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole chake cha mkono. Mota akaifungua akaigawa.

Siku hizi anashona kwa masikio. Mguu wa kushoto ndio unaoongoza, wa kulia unasaidia, na yeye anainamisha kichwa kidogo, akisikiliza. Mlio ukiwa mzito, anajua mshono ni mnene. Ukianza kulia kwa kukwaruza, uzi unataka kukatika. "Imenichukua miezi," anasema. "Nilikuwa naharibu kitambaa, nalia, nafumua, narudia. Nikasema hunitoi hapa, wewe ugonjwa. Wewe ni mgeni, mimi ndiye mwenye nyumba."

Soda zimekwisha. Mwenye haraka sasa anatakiwa kuja na viatu vya kutembelea. Mama Pindo anafunga mlango, wanazunguka mtaa pamoja mpaka mwisho wa barabara na kurudi, na huko njiani ndiko wanakozungumza mtindo, mikono na urefu. Mteja mmoja mwenye mwili mkubwa alilalamika kwamba anahema. "Nikamwambia, hema tu, mama. Gauni lako linazidi kupanda juu ya rundo."

Sio kwamba mambo yote ni shwari. Sukari yake sasa inacheza kwenye saba na nane, lakini kuna siku hupanda bila hodi. Daktari wa macho ameona mishipa iliyoanza kuvuja nyuma ya jicho la kushoto, na anamfuatilia. Ganzi haijaondoka, na ameambiwa asitegemee itaondoka. Siku nzuri anamaliza magauni mawili, ambapo zamani alimaliza matatu. Kuna siku anarudi nyumbani amechoka mpaka hasemi na mtu.

Ndiyo maana familia ikakaa kikao.

Saa saba mchana kaka yake anaingia. Ni mwanamume mrefu, shati limepigwa pasi, anauza vifaa vya ujenzi. Nyuma yake kuna mnunuzi wa mashine kuukuu, na nje ya mlango mkokoteni umeshaegeshwa.

"Shikamoo, Kaka," anasema Mama Pindo bila kusimamisha gurudumu.

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Ndiyo maana umenikuta kazini."

Kwa desturi ya ukoo wao, vitu vya marehemu mama yao, hata vilivyo mikononi mwa wengine, viko chini ya kauli ya mtoto mkubwa. Cherehani ni kimojawapo, na mnunuzi ameshaelezwa hivyo. Anainama, anachungulia mkanda, ananyoosha mkono kugusa gurudumu.

"Toa mkono, baba. Kuna nguo ya mtu hapo."

"Samahani, mama. Mimi nimeitwa tu."

"Aliyekuita anajua kushona?"

Mnunuzi anamwangalia kaka mtu. "Sidhani."

"Wewe je?"

"Mimi nanunua tu, mama."

"Basi kati yetu watatu, mwenye mashine ameshajulikana."

Mnunuzi anajikuna shingo, anapima hali ya hewa ya chumba. Hatimaye anafanya uamuzi wa busara. "Bosi," anamwambia kaka, "mimi nanunua mashine, ugomvi sinunui. Mkielewana mtanipigia." Mkokoteni unasikika ukiondoka mtupu, ukigongagonga mawe.

Kaka anabaki amesimama katikati ya chumba. Anakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, mikono juu ya magoti. Anapozungumza, sauti yake si ya mtu mwenye hasira.

"Unadhani mimi nataka pesa ya chuma hiki?"

"Unataka nini?"

"Mimi ndiye niliyembeba Mama. Wewe ulikuwa unafua mashuka, mimi nilikuwa nambeba. Walipomkata hapa," anagonga juu ya goti lake, "nilimbeba kwenda kuoga, nilimbeba kwenda msalani. Kila wiki nikimnyanyua namkuta mwepesi zaidi. Mpaka mwisho nilikuwa namnyanyua kwa mkono mmoja." Anakiangalia kiatu cha kulia cha dada yake. "Sitambeba mwingine, mdogo wangu. Siwezi. Nisamehe, lakini siwezi."

Cherehani imesimama. Mama Pindo ameitoa miguu kwenye pedali. Kinyozi wa mlango wa pili amezima redio.

"Pole, Kaka," anasema Mama Pindo. "Sikujua hilo umelibeba mpaka leo."

"Sasa umejua."

"Nimejua. Lakini Mama hakukatwa mguu na mashine. Mama alikatwa kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyeugeuza unyayo wake akauangalia. Tulikuwa tunamfunika shuka, tunamwambia apumzike. Alipumzika, Kaka. Alipumzika mpaka mguu ukaoza." Anaweka kiganja juu ya cherehani. "Mimi nikikaa nyumbani nani atanitembeza? Nani atanikagua? Hapa najikagua kila siku kwa sababu nikikosea, kesho sishoni. Mashine hii ndiyo inayonichunga. Ukiichukua ndiyo utakuja kunibeba."

Mama Pindo anamtazama kaka yake kutoka kichwani kushuka chini, kwa jicho lile la kupima inchi.

"Wewe umepima lini sukari?"

"Mimi?" Anashtuka. "Mimi nanyanyua mifuko ya saruji."

"Unainyanyua wewe au vijana wako?"

Kaka anarekebisha kola ya shati.

"Nimeuliza umepima lini."

"Mimi sina tatizo lolote."

"Mama sukari. Mimi sukari. Wewe umezaliwa na nani?" Anavuta stuli. "Vua viatu."

"Mbele ya mwandishi?"

"Mwandishi atageuka ukutani. Vua."

Mwandishi anageuka, na kwa ruhusa yao anarudi kugeuka. Kaka, mtu mzima mwenye duka na wafanyakazi, amekaa miguu mitupu mbele ya dada yake kama mtoto anayekatwa kucha. Anatabasamu kwa aibu.

Kliniki wana kijiuzi kigumu cha nailoni ambacho muuguzi hukibonyeza kwenye mguu mpaka kipinde, na mgonjwa, akiwa amefumba macho, husema kila anapohisi. Mama Pindo anakata kipande cha uzi wa nailoni anaoshonea vifungo vya makoti. Anajua si kipimo cha daktari, na anasema hivyo. Lakini ndicho alichonacho.

"Fumba macho. Nikikugusa sema ndiyo."

Anagusa juu ya kifundo.

"Ndiyo."

Anagusa mgongo wa mguu.

"Ndiyo. Unanitekenya, bwana." Kaka anacheka, na Mama Pindo naye anacheka kidogo.

Anashuka chini. Katikati ya unyayo anabonyeza mpaka uzi unapinda. Kaka amenyamaza. Anahamia chini ya kidole gumba, uzi unapinda. Anagusa ncha ya kidole chenyewe, kisha kinachofuata. Anahamia mguu wa pili, anaanza upya, polepole zaidi, na kicheko kimeshamtoka usoni. Uzi unapinda, unanyooka, unapinda.

Kaka amefumba macho, tabasamu lake bado lipo.

"Haya, anza basi," anasema. "Mbona umeacha?"

"Sijaacha, Kaka."

Anafumbua macho. Uzi uko pale, umepinda kwenye kidole chake gumba, na mkono wa dada yake umeushikilia. Ananyoosha mkono na kuugusa mwenyewe. Mtu aliyekuja kuchukua cherehani hazungumzii tena cherehani.

Mama Pindo hamcheki na hamlaumu. Anaokota soksi zake, anazigeuza ndani nje, anazikagua kwenye mwanga wa dirisha kama zina doa. Hazina. Anamvisha moja, kisha ya pili, akizinyoosha zisiwe na mkunjo.

"Kesho saa mbili nakupitia," anasema. "Tunakwenda kwa miguu."

"Wakikuta ninayo?" Sauti ya kaka imekuwa ndogo.

"Wakiikuta, tumeikuta kabla ya kidonda." Anamfunga kamba za viatu, anazikaza. "Kwa Mama ilichukua mguu mzima. Kwangu imepata vidole viwili. Kwako haipati kitu."